Hevi Metali: Kelele au Somo?

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Muziki wa hevi metali, ambao santuri ya kwanza ya kundi la Black Sabbath la Birmingham, Uingereza, iliutangaza mwaka 1970, kwa muda mrefu ulihukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Mwaka 1985 kamati ya Seneti ya Marekani ilisikiliza malalamiko ya wazazi juu ya maneno ya nyimbo za vijana, na hevi metali ilikuwa miongoni mwa zilizoshutumiwa. Je, muziki huo ni kelele tu?

Sauti yake

Jibu laweza kuanzia katika fizikia. Gitaa la umeme hutoa mawimbi madogo ya umeme, nayo amplifaya huyakuza. Amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa. Umbo la wimbi likibadilika hivyo, huzaliwa mitetemo mipya isiyotoka katika nyuzi. Mathalani, zikipigwa pamoja noti mbili, moja ya mitetemo 110 kwa sekunde na ya pili 165, hupatikana pia mtetemo wa tofauti yao:

165 – 110 = 55

Hamsini na tano ni nusu ya 110. Kwa hiyo husikika noti iliyo chini kwa oktava nzima, ambayo hakuna uzi ulioitoa. Uzito wa muziki huu, basi, hautokani na ukubwa wa sauti peke yake.

Watu wake

Mwaka 1991 mwanasosholojia Deena Weinstein wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, alitoa kitabu kilichowaeleza wapenzi wa muziki huu kuwa ni jamii yenye desturi na mavazi yake. Mwaka 1993 Robert Walser, mtaalamu wa elimu ya muziki, alionyesha kuwa baadhi ya wapigaji gitaa walijifunza mbinu za Bach na Vivaldi. Mwaka 2008 wataalamu walikutana Salzburg, Austria, kuujadili.

Funzo

Mtaalamu halazimiki kuupenda muziki anaouchunguza. Hueleza kwanza unavyotengenezwa, nani huupiga na nani huusikiliza. Hukumu hufuata ushahidi, wala haiutangulii.

Maswali

1. Noti mbili zina mitetemo 80 na 120 kwa sekunde. Tafuta mtetemo wa tofauti yao. Una uhusiano gani na noti ya chini?
2. Taja muziki unaodharauliwa mahali unapoishi. Ungekusanya ushahidi gani kabla ya kuuhukumu?