Shamba la nyasi litayarishwe kabla ya mvua ya vuli

Mwezi wa Septemba unapofika, sehemu nyingi za malisho karibu na Matiliku, katika kaunti ndogo ya Nzaui, huwa zimebaki udongo mtupu. Mifugo wamekula hadi mashina, na jua limeacha tabaka gumu juu ya ardhi. Wafugaji wengi hungoja mvua inyeshe ndipo waanze kazi. Kwa mahindi, kuchelewa siku chache huenda kukavumilika. Kwa nyasi, msimu huwa umekwisha kupotea.

Sababu ni mvua yenyewe. Ukambani, mvua ya vuli, ambayo kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, ndiyo hutegemewa zaidi kuliko ile ya Machi hadi Mei. Hata hivyo ni ya muda mfupi. Desemba mara nyingi huwa imekatika. Mbegu ya nyasi ni ndogo sana na inahitaji unyevu wa zile siku za kwanza. Ardhi ikiwa imeganda, maji hayaingii. Huteremka hadi mtoni yakiwa yamebeba udongo, na mwenye shamba hubaki akisema mvua ilikuwa haba.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya. Asiyekuwa na nyasi kavu ghalani alilazimika kuuza ng'ombe, na ng'ombe aliyekonda huuzwa kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Hesabu yake si ngumu. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula takribani kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi hizo ni kilo 540, yaani marobota 27 ya kilo 20 kila moja. Wenye ng'ombe watatu wanahitaji zaidi ya marobota 80, na hapo mbuzi hawajahesabiwa.

Nyasi zinazofaa zinajulikana, na wazee wanazitaja kwa majina: mbeetwa, nguu, ndata kivumbu na kilili. Zote ni za asili ya nyanda hizi na huvumilia ukame. Kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Kiboko, hapa hapa Makueni, kimezishughulikia kwa miaka mingi. Ndata kivumbu ilivuka bahari zamani na leo imetapakaa katika mashamba ya mifugo ya Australia, hali huku kwao huonekana kama magugu ya kando ya njia. Ni busara kuchanganya aina mbili au tatu, kwa sababu moja ikishindwa, nyingine huenda ikashika.

Kazi ya kwanza ni kuvunja lile tabaka gumu. Plau ya kukokotwa na ng'ombe inatosha. Shamba lilimwe kwa kukingama mteremko, kamwe lisilimwe kwa kuufuata, ili kila mfereji uzuie maji yake. Si lazima shamba lote ligeuzwe. Mifereji iliyoachana kama hatua moja hufanya kazi nzuri na haichoshi wanyama ambao tayari wana njaa. Vichaka vikipunguzwa, matawi yenye miiba yatumike kuziba ua. Shamba lisilo na ua si shamba la nyasi, kwa maana mbuzi wa jirani hawasomi mipaka.

Mbegu ipimwe kabla ya kupandwa, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, zifunike na uzinyunyizie maji kila siku kwa majuma mawili. Zikiota 50 au zaidi, kilo 2 kwa ekari zinafaa. Zikiota 20 tu, ongeza mbegu maradufu au utafute nyingine. Mbegu iliyovunwa karibuni hulala: ni nzima, lakini haioti vizuri mpaka ikae miezi kadhaa. Kwa hiyo anayenunua aulize ilivunwa lini.

Kufikia katikati ya Oktoba, mbegu iwe ardhini, udongo ukiwa bado mkavu. Ichanganywe na mchanga au samadi kavu iliyopondwa ili imwagike sawasawa mferejini, kisha ifunikwe kidogo sana kwa kuburuta tawi la mti juu yake. Ikizikwa zaidi ya sentimita 2, haitatokeza.

Msimu wa kwanza mifugo wasiingie kabisa. Miche michanga hung'oka pamoja na mizizi mnyama anapoivuta. Magugu yang'olewe kwa mkono. Mbele ya nyumba, ambako mtu anataka tu vumbi lipungue na watoto wapate pa kuchezea, ukoka unatosha. Vipande vyake hupandwa mvua ikishanyesha, na hakuna haja ya kununua zile nyasi za bustani za Nairobi zilizozoea baridi na maji mengi.

Nyasi za kulisha hukatwa zinapoanza kutoa maua, kwa kuwa zikikomaa zaidi huwa ngumu na chakula chake hupungua. Acha mashina ya sentimita 10 ili zichipue tena. Zianikwe siku mbili au tatu huku zikigeuzwa. Robota hufungwa kwa sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Kamba za katani hutangulizwa ndani, nyasi zikakanyagwa mpaka lijae, ndipo zikafungwa. Likikanyagwa vizuri, robota moja hukaribia kilo 20. Yapangwe juu ya uchaga, mbali na mchwa na mvua.

Sehemu ya shamba iachwe bila kukatwa mpaka mbegu ikomae. Itakayokusanywa Januari au Februari ikaushwe kivulini na kuwekwa katika gunia linalopitisha hewa, wala si mfuko wa plastiki. Oktoba itakuwa tayari kupandwa.