Pima Mabamba Kabla ya Kuwasha Leza

Ukitaka kujua momenti ya dipoli ya molekuli ya maji iliyosisimuliwa sana, si leza itakayokutoa jasho. Ni yale mabamba mawili ya chuma yanayotengeneza uga wa umeme. Maji yaliyotulia yana dipoli ya debye 1.855, na hilo limejulikana siku nyingi. Molekuli ikitiwa kwanta nne za mtetemo wa OH, kwa mwanga mwekundu wa karibu nanomita 720, dipoli hubadilika kidogo, na kidogo hicho ndicho unachokiwinda. Mabamba yakiachana milimita 10, nawe ukikosea kwa milimita 0.1, jibu limeshapotoka kwa asilimia 1.

Basi usiamini mchoro wa fundi. Tenganisha mabamba kwa vipande vya kauri vya unene mmoja, kisha pima kona zote nne, maana hupishana. Halafu, bila kulegeza hata skrubu, weka gesi ambayo dipoli yake inajulikana, ikuambie nafasi halisi. Kingo zisuguliwe ziwe mviringo. Ncha kali hurusha cheche.

Njia ninayoipenda ni ya mapigo ya kwanta, iliyotumiwa na watafiti wa Lausanne, Uswisi, miaka ya 2000. Leza ya kwanza husisimua molekuli, ya urujuanimno huivunja, na kipande cha OH kinachobaki humulikwa kikang'aa. Unachelewesha leza ya kuvunja kwa nanosekunde chache chache, huku ukitazama mng'ao ukipanda na kushuka. Kasi ya kupanda na kushuka huko inakupa tofauti ya nishati kati ya ngazi zilizotenganishwa na uga.

Wengi hukwama hapa: mng'ao unafifia tu, hauchezi. Kabla hujazilaumu nyaya, angalia mwanga unatetema upande gani. Ukitetema sambamba na uga, kila molekuli inapanda ngazi moja tu, na ngazi moja haina wa kupigana naye. Zungusha mtetemo wa leza zote mbili, ya kusisimua na ya kuvunja, ukingame na uga. Mchezo unaanza.

Sasa ongeza volteji mara mbili. Kwa kawaida mapigo ya maji huharakika mara nne. Yasipofika nne, shuku kwamba kuna ngazi jirani inayokaribia mno, na usitumie fomula rahisi. Yakifa mapema, punguza kanieneo: molekuli zinagongana.

Wanaopima HDO, yaani maji yenye hidrojeni moja ya kawaida na moja nzito, wana kazi ya ziada. Changanya maji ya kawaida na maji mazito nusu kwa nusu, upate karibu nusu HDO. Ila kuta za chuma hushikilia maji ya jana kwa ukaidi, kwa hiyo jaza chemba kwa mvuke wa mchanganyiko huo, uivute kwa pampu, ujaze tena, mara kadhaa, ndipo uanze kuhesabu.