Karatasi Yenye Aya ya Biblia: Somo Kutoka kwa Thomas Paine na Waliomjibu



Somo la toleo hili linahusu karatasi. Katika makazi yetu karatasi hazikosi. Nyingine huletwa na wahubiri wageni, nyingine hupita jioni kutoka mkono hadi mkono, zikisema nani alituuza, nani atatuokoa, na lini tutarudi kwetu. Karibu zote zina aya ya Biblia mahali fulani, kwa sababu mwandishi anajua sisi ni watu wa namna gani. Tunaotoka nchi za Maziwa Makuu hatuna haja ya kufundishwa kwamba karatasi inaweza kuamsha watu, tena inaweza kuua. Swali lililoletwa kwetu na wazee ni hili: kanisa lifanye nini nayo? Lichome? Linyamaze? Lijibu?

Tungechukua karatasi ya hapa hapa tungegombana kabla ya kufika katikati ya somo. Kwa hiyo tumechukua ya mbali, ya zaidi ya miaka 200 iliyopita, ambayo hakuna kati yetu mwenye jamaa ndani yake. Tafadhali uwe na Biblia karibu, umefungua 1 Samweli 8.

Thomas Paine alizaliwa Uingereza mwaka 1737. Baba yake alikuwa wa jamii ya Marafiki, yaani Kwekeri, kanisa ambalo wengi wetu tunalijua Burundi, Kongo na Kenya. Shule aliiacha akiwa na miaka kama 13. Alikuwa fundi wa kushona mavazi ya kubana kiuno ya wanawake, kisha akawa mtoza ushuru, kisha akafukuzwa kazi. Mwishoni mwa mwaka 1774 alifika Philadelphia, Marekani, mgonjwa kiasi cha kubebwa kushuka melini. Mkononi alikuwa na barua za kumtambulisha. Watu wengi wangemhesabu kuwa mtu aliyekwisha.

Wakati huo Marekani ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Vita vilianza Aprili 1775, lakini wengi bado walitaka kupatana na mfalme. Walilaumu mawaziri na bunge, si yeye. Tarehe 10 Januari 1776 Paine alitoa kijitabu bila jina lake, Common Sense, maana yake Akili ya Kawaida. Kilikuwa kifupi tu. Kilisomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na kwa muda wa miezi michache kikageuza mazungumzo ya nchi nzima. Mwezi Julai mwaka uleule Marekani ilitangaza uhuru.

Nguvu yake ilitoka wapi? Waandishi wengine wa siku zile walitaja Wagiriki na Warumi na sheria za kale. Paine aliwaandikia watu wenye kitabu kimoja nyumbani, na kitabu chenyewe ni Biblia. Alichukua habari ya Gideoni, aliyekataa kutawala na kusema kwamba Bwana ndiye atakayetawala (Waamuzi 8:22-23). Kisha akachukua 1 Samweli 8, wazee wa Israeli wanapodai mfalme kama mataifa mengine. Soma wewe mwenyewe mstari wa 11 hadi 18. Mfalme atachukua wana wenu awafanye askari, atachukua binti zenu wampikie, mashamba yenu mazuri atawapa watumishi wake, na siku ile mtalia wala Bwana hatawajibu. Mkulima wa Marekani alipoyasikia hayo aliona habari zake. Hata sisi, tulioacha mashamba ambayo leo yanalimwa na wengine, hatuhitaji mtu wa kutufafanulia.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo somo lilipo. Je, Paine alisema uongo juu ya sura ile? Hapana. Maneno yamo. Lakini alifunga kitabu mapema. Katika sura inayofuata, 1 Samweli 9:16, Mungu mwenyewe anamwagiza Samweli ampake Sauli mafuta ili awaokoe watu. Katika 2 Samweli 7 Mungu anafanya ahadi na nyumba ya Daudi, ahadi ambayo sisi Wakristo tunamfuatia Yesu mpaka humo. Na Kumbukumbu la Torati 17:14-20 inaweka sheria ya mfalme: asijiongezee farasi, wala fedha na dhahabu nyingi, asome torati siku zote, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Biblia nzima ni kali juu ya wafalme wabaya, lakini haisemi jambo moja tu kama alivyosema Paine. Alichagua kipande cha kweli, akakifanya kuwa kweli yote. Hivyo ndivyo karatasi nyingi zinavyofanya kazi, hata zile ambazo tunakubaliana nazo. Kwa maoni yetu, zile tunazokubaliana nazo ndizo za kupimwa zaidi, kwa kuwa hatuna hamu ya kuzipima.

Aliyejaribu kupima wakati ule alikuwa Charles Inglis, mchungaji wa Kianglikana katika kanisa la Trinity mjini New York. Aliandika kijitabu cha kumjibu Paine, na mwezi Machi 1776 kilikuwa tayari kwa mchapaji. Watu waliokuwa wakipigania uhuru wakaingia kwa mchapaji yule, wakazitoa nakala, wakazichoma. Angalieni jambo hili: waliosema wanapigania uhuru hawakutaka jirani zao wasome jibu. Inglis alikichapa upya Philadelphia mwaka huohuo kwa jina lingine, lakini mkondo ulikuwa umeshapita.

Mambo yaliyompata baadaye tunayaelewa kuliko wasomaji wengi. Upande wake ulishindwa. Mwaka 1779 jimbo la New York lilitunga sheria ya kuwataja watu kwa majina na kuwanyang'anya mali, na jina lake likawamo. Vita vilipokwisha, mwaka 1783, aliondoka. Watu kama 60,000 waliokuwa upande wa mfalme walitoka katika nchi ile mpya, na karibu nusu yao walikwenda Nova Scotia na sehemu za jirani, katika nchi ambayo sasa ni Kanada. Miongoni mwao walikuwapo Waafrika waliopewa uhuru wao wakati wa vita. Baadhi ya hao, wakiwa na wachungaji wao, walipanda meli tena mwaka 1792 kwenda Sierra Leone kwa sababu ardhi waliyoahidiwa hawakuipata ilivyopasa. Inglis mwenyewe aliwekwa wakfu mwaka 1787 kuwa askofu wa kwanza wa Nova Scotia, akawa mchungaji wa watu waliokimbia kama yeye. Vitabu vya historia humtaja kama mtu wa upande ulioshindwa, kisha huendelea na safari. Sisi tunamtazama kwa macho mengine.

Turudi kwa Paine. Mwaka 1791 na 1792 alitoa huko Uingereza sehemu mbili za kitabu kingine, Rights of Man, yaani Haki za Binadamu, akitetea mapinduzi ya Ufaransa. Humo alitaka fedha za serikali zisaidie familia maskini kusomesha watoto, na wazee wapewe posho. Serikali ilimshtaki. Alikimbilia Ufaransa Septemba 1792, na mwezi Desemba mahakama ya London ikamhukumu akiwa hayupo. Wakili aliyemtetea aliitwa Thomas Erskine. Tulishike jina hilo, tutakutana nalo tena.

Ufaransa walimpokea kwa shangwe, wakamfanya mbunge. Januari 1793 bunge lile lilipojadili kumwua mfalme Louis, Paine, yule adui wa wafalme, alisimama akaomba asiuawe, bali apelekwe Marekani uhamishoni. Hawakumsikia, na neno lile liliwafanya wakubwa wa mapinduzi wamtilie shaka. Mwishoni mwa mwaka ule makanisa ya Paris yakafungwa, na tarehe 28 Desemba Paine akakamatwa. Akiwa njiani kwenda gerezani alimkabidhi rafiki yake maandishi aliyokuwa amemaliza hivi karibuni. Gerezani nusura akatwe kichwa. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alama ya kifo iliwekwa kwenye upande wa ndani wa mlango uliokuwa wazi, mlango ulipofungwa alama ikafichika, na wachukuzi wa wafungwa wakapita.

Maandishi yale yalitoka mwaka 1794 kwa jina The Age of Reason, maana yake Enzi ya Akili. Humo Paine alisema anamwamini Mungu mmoja na anatumaini uzima baada ya maisha haya, lakini aliikataa Biblia kuwa neno la Mungu, akawashambulia makuhani wote. Alikiri mwenyewe kwamba alipoandika sehemu ya kwanza hakuwa na Biblia karibu naye. Yule aliyewashika watu kwa 1 Samweli mwaka 1776 sasa aliitupa Samweli pamoja na vitabu vingine vyote! Wako wanaouliza kama aliamini lolote pale mwanzo. Sisi hatuwezi kuuhukumu moyo wake. Tunaona tu kwamba mtu anaweza kutumia aya vizuri sana bila kukaa chini ya neno lenyewe.

Kanisa la Uingereza lilifanya nini? Lilifanya mambo mawili, na hayakufanana.

La kwanza lilifanywa na Richard Watson, askofu wa Llandaff, aliyewahi kufundisha kemia na baadaye teolojia Cambridge. Mwaka 1796 alimjibu Paine kwa barua zilizochapwa kama kitabu. Alimwandikia kwa adabu, akazichukua hoja moja baada ya nyingine. Baadhi ya Wakristo walimwona mpole mno. Sisi tunapenda upole ule, maana msomaji mwenye mashaka aliweza kuvisoma vitabu vyote viwili na kuvilinganisha bila kutukanwa na yeyote. Wako pia waliotoa vijitabu vidogo kwa watu wa kawaida, kama mwanamke Hannah More. Katika mwaka mmoja tangu Machi 1795 vijitabu vya mfululizo wake zaidi ya milioni 2 vilisambazwa, vingi kwa bei ya nusu peni. Baadhi yake vinatuudhi, maana vilimwambia maskini atulie mahali alipo, na katika shule zake maskini walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Hata hivyo alijibu karatasi kwa karatasi.

La pili lilifanywa na chama cha Wakristo wenye heshima, kilichoanzishwa mwaka 1787 kupambana na maovu. William Wilberforce, yule aliyepigania kukomesha biashara ya watumwa, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 1797 chama hicho kilimshtaki muuza vitabu maskini wa London, Thomas Williams, kwa kuchapa toleo la bei nafuu la The Age of Reason. Wakili wa mashtaka alikuwa nani? Ni Erskine yuleyule. Alishinda kesi, na Williams akasubiri hukumu.

Siku moja Erskine alikuwa akipita mjini, mwanamke mmoja akamshika koti huku akilia. Alikuwa mke wa Williams. Akamvuta mpaka chumbani kwao. Erskine aliwakuta watoto wanaumwa ndui, na Williams ameketi akishona vijitabu, kazi iliyokuwa inamlisha. Vijitabu vyenyewe vilikuwa vya dini. Yule aliyeshtakiwa kwa kitabu cha kukana Biblia alikuwa anapata chakula cha wanawe kwa kushona vijitabu vya kuifundisha Biblia. Erskine aliwaandikia wenye chama akiwaomba wamhurumie. Walikutana, wakakataa. Erskine akajitoa katika kesi, na Williams akafungwa mwaka mmoja.

Wapendwa, tusiwacheke watu wale haraka. Walikuwa wanaogopa. Ng'ambo ya bahari walikuwa wameona makanisa yanafungwa na vichwa vinakatwa, na walidhani kitabu cha bei rahisi ndiyo mlango wa hayo yote. Nasi tunaijua hofu hiyo. Lakini je, waliiua karatasi? Mwaka 1819 mchapaji mwingine, Richard Carlile, alishtakiwa kwa kitabu hichohicho. Alikisoma kitabu chote mahakamani, ili kiingie katika taarifa ya kesi, kisha taarifa hiyo ikachapwa na kuuzwa. Alifungwa miaka 6, mkewe naye akafungwa, na watu wengi ambao wasingekitafuta wakakitafuta.

Paine alirudi Marekani mwaka 1802. Wengi walimkwepa kwa sababu ya kitabu kile. Alipofariki tarehe 8 Juni 1809, Kwekeri, watu wa baba yake, walikuwa wamekataa ombi lake la kuzikwa katika makaburi yao. Alizikwa shambani kwake, na waliohudhuria walikuwa wachache sana.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni Matendo 17:11 juu ya watu wa Beroya, ambao walimsikiliza hata Paulo kisha wakaenda kuyachunguza Maandiko. Halafu kila kikundi kichukue karatasi moja iliyopita kijijini kwenu, yoyote, ya siasa au ya dini. Someni aya iliyotajwa, na mwendelee kusoma sura inayotangulia na sura inayofuata. Jadilianeni: aya inasema kweli yale yanayosemwa na karatasi? Nini kimeachwa? Karatasi inawataka mfanye nini, na nani atapata hasara mkifanya? Vijana waachwe waseme kwanza, wazee wafuate. Kikundi kitakachoona kuna hoja ya kujibiwa kiandike jibu lake kwa adabu, kurasa mbili zisizidi, na kumkabidhi mzee wa kanisa wa eneo lenu. Tutayasoma yote, na yatakayofaa tutayachapa katika toleo lijalo pamoja na hoja zenyewe.