Gesi ya Kupikia Huenda Chini: Somo kwa Wenye Mashamba wa Karungu



Zamani mtu aliyetoka sokoni Sori alirudi nyumbani na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Siku hizi utamwona juu ya pikipiki, amekumbatia mtungi wa gesi wa kilo 6. Jambo hilo ni jema. Miti mingi imekatwa kwa ajili ya makaa, na akina mama wameumia macho na kifua kwa moshi wa kuni miaka mingi. Lakini mtungi ukiingia nyumbani bila maarifa waweza kuleta msiba kwa dakika moja. Basi mwezi huu tujifunze kwanza tabia ya gesi yenyewe. Ukiijua tabia yake, kila onyo utajua sababu yake, wala hutakuwa kama mtoto anayetii kwa kuwa ameambiwa tu.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo hupatikana katika mafuta ya ardhini na katika gesi ya visimani. Imekandamizwa ndani ya chuma mpaka imekuwa maji. Ukiutikisa mtungi utayasikia. Maji hayo yakipata njia ya kutoka hugeuka tena kuwa gesi, na lita moja yake huwa karibu lita 250 za gesi. Kwa hiyo tundu dogo kama la sindano si jambo dogo.

Sasa shika neno hili, maana ndilo msingi wa somo lote: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Moshi wa kuni hupanda juu na kutoka penye nafasi kati ya ukuta na mabati. Gesi haifanyi hivyo. Hushuka sakafuni ikatambaa, kama maji ya Mto Kuja yanavyotafuta mahali pa chini wakati wa mafuriko. Hujaa uvunguni mwa kitanda, hupita chini ya mlango mpaka chumba cha pili, na huko hukaa ikingoja cheche. Cheche yaweza kuwa koroboi, au jiko la makaa, au hata swichi ya taa ya umeme.

Kwa sababu hii dirisha lililo juu ukutani halitoshi. Yafaa jikoni pawe na upenyo chini kabisa, sawa na sakafu, unaotoka nje. Watu wengi huziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia ili nyoka na panya wasiingie. Hatuwalaumu, lakini gunia huifungia gesi ndani. Pigilia wavu wa waya badala yake.

Tunajua pia shida nyingine, nayo ni wezi. Mtungi ni mali, na jiko la nje mara nyingi halina kufuli. Basi jioni watu huubeba mtungi mpaka chumba cha kulala na kuusukuma chini ya kitanda. Hapana mahali pabaya kuliko hapo. Gesi ikivuja hujaa palepale walipolala watoto juu ya mkeka, na mtu aliye katika usingizi hanusi kitu. Afadhali umwambie fundi wa kuchomelea vyuma akutengenezee kisanduku cha nondo na waya chenye kufuli, ukikaze kwenye ukuta wa nje, kivulini. Mtungi wa kilo 13 ukae humo daima, na mpira wake upite ndani ya bomba lililotiwa ukutani. Ule mdogo wenye jiko juu yake, ambao wengi huuita meko, ulale humo usiku vali ikiwa imefungwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua mtungi mwingine, na usingizi utakuwa mzuri.

Tumesema kivulini kwa sababu gesi iliyo maji huvimba ikipata joto. Mtungi hujazwa karibu asilimia 80 tu ili kubaki nafasi ya kuvimba huko. Jua la Karungu mwalijua wenyewe. Kwa hiyo pia usiuchemshe mtungi kwa maji ya moto ili kupata gesi ya mwisho, wala usiulaze ubavu. Ukilala, yatakayotoka ni maji badala ya gesi, na moto utaruka juu ghafula. Mwenye pikipiki naye aufunge ukiwa umesimama. Tena petroli ya pampu ya kunyweshea mboga, au ya injini ya mashua, isikae chumba kimoja na mtungi.

Gesi yenyewe haina harufu. Watengenezaji huitia dawa inayonuka kama mayai viza ili pua itambue. Lakini hapa kwetu ufukoni kuna omena wanaoanikwa, na pua iliyozoea harufu kali huchelewa. Kwa hiyo usiitegemee pua peke yake. Chukua sabuni na maji, koroga mpaka povu liwe zito, upake pale regulata inaposhika mtungi, kwenye klipu za mpira, na kwenye mpira wote. Fungua gesi bila kuwasha jiko. Mapovu yakianza kuvimba, hapo pana tundu. Usipime kwa kiberiti hata siku moja. Fanya hivi kila unapobadilisha mtungi, na kabla ya kuufunga tazama kile kipete cha mpira kilicho ndani ya vali. Kikiwa kimekatika au hakipo, urudishe mtungi dukani. Mpira wa gesi uliotimiza miaka miwili, au ulioanza kupasuka, au uliogugunwa na panya, utupe. Usiufunge kwa tepu wala kwa uzi wa nyavu.

Je, ukiingia jikoni asubuhi ukanusa gesi? Usiwashe kitu wala usizime kitu. Usiguse swichi, usipige simu ukiwa ndani, na mtu asiwashe pikipiki uani. Funga vali ya mtungi, fungua milango, toa watu wote nje, mkae upande unakotoka upepo, wala si bondeni. Ikiwa mpira umeshika moto, jaribu kufunga vali kwa mkono uliofunikwa kitambaa kilicholowa maji. Usipoweza kuifikia, kimbia na watu wako. Usimwage maji kuuzima ule moto huku gesi ingali inatoka, kwa maana gesi isiyowaka itatambaa chini na kukutana na moto mwingine, na mlipuko huo utakuwa mkubwa kuliko moto wa kwanza.

Kuhusu kununua, tuseme wazi. Wako watu wanaojaza mitungi kwa kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo, nyuma ya duka, kwa mpira tu. Bei yao huvutia. Kanuni za mwaka 2019 zakataza mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila ruhusa yake kwa maandishi, na si ubishi wa wenye kampuni tu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, mahali palipokuwa pakijazwa gesi bila kibali. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ilikuwa imekwisha kataa maombi ya mahali hapo mwaka 2023. Watu walikufa, na zaidi ya 200 waliumia, wengi wao wakiwa majirani waliokuwa nyumbani mwao.

Mjazaji wa namna hiyo hukupunja vilevile, na kumgundua ni rahisi. Juu ya mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Uning'inize kwenye mizani, hata ile ya kupimia samaki ufukoni au mahindi ghalani. Tuseme umeandikwa kilo 7.5 nawe umepata 13.5: gesi ni kilo 6 kamili. Ukipata 12.5, umelipia kilo moja ya upepo. Mwombe mwenye duka aupime mbele yako kabla hujatoa fedha.

Ukiisha kuipata gesi halali, usiitupe. Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria inapata masizi, matundu ya jiko yamezibwa na uji uliomwagika, au hewa haitoshi. Lisafishe kwa brashi. Moto huo mbaya hutoa pia sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu katika chumba kilichofungwa. Ndimi za moto zisipite ukingo wa sufuria, maana zinazopita zinapasha moto ukuta. Funika sufuria. Maji yakisha chemka punguza moto, kwa sababu hata ukifungua yote hayatazidi kuwa ya moto, yatakauka tu.

Jiko moja likiwaka kwa nguvu zote laweza kula gramu 200 kwa saa. Chai ya robo saa ni gramu 50. Nyoyo ya saa tatu kwa moto huo ni gramu 600, yaani sehemu ya kumi ya mtungi mdogo kwa chakula kimoja! Kwa maoni yetu, mama asione haya kuichemsha nyoyo kwenye jiko bora la kuni, katika kibanda kingine mbali na gesi, na kuiweka gesi kwa chai, ugali, samaki na uji wa mtoto usiku. Akitaka kuipika kwa gesi, mahindi na maharagwe yalowekwe tangu jioni, na moto uwe mdogo baada ya kuchemka. Andika katika daftari siku uliyofunga mtungi na siku ulipokwisha. Baada ya mitungi mitatu utajua nyumba yako yala gesi kiasi gani, na mtungi unaokwisha mapema utakutambulisha ama mpira unaovuja ama duka linalopunja.