Reubeni Alichelewa Kurudi Shimoni

Maandiko: Mwanzo 37:12-30, Mwanzo 42:21-22, Kutoka 2:1-10



Wiki hii tunaongea na wakubwa: kaka na dada ambao nyumbani wana kijana anayewafuata. Somo hili tulilipitia haraka Jumapili, na wengi mliomba liandikwe.

Yusufu alikuwa na miaka 17 (Mwanzo 37:2). Kwetu sisi huyo ni mtoto wa kidato cha tatu au cha nne. Ndugu zake walipotaka kumuua, Reubeni, kifungua mimba wa Yakobo, aliwazuia. Moyoni alikuwa na mpango mzuri: atupwe shimoni kwanza, halafu nitarudi nimtoe nimpeleke kwa baba. Kisha akaondoka. Biblia haisemi alienda wapi. Aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Akararua nguo zake, lakini kurarua nguo hakukumrudisha Yusufu.

Ndugu yangu, Reubeni alimpenda mdogo wake. Shida ni kwamba upendo wake ulikuwa wa "baadaye."

Mimi pia nimewahi kuwa Reubeni. Nilikuwa chuoni nikisomea biashara, mdogo wangu akiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Siku moja akiwa nyumbani likizo fupi alinitumia ujumbe: "Brathe, nimechoka na kila kitu." Nikamjibu, "Kaza, umebakisha mwaka mmoja tu." Nikamtumia mia mbili kwa M-Pesa, nikarudi kwa vitabu vyangu. Niliona nimefanya kazi ya kaka.

Wiki mbili baadaye alitoka shuleni usiku bila kuambia mtu. Alfajiri, mtu wa bodaboda anayejua familia yetu alimkuta ameketi kando ya barabara karibu na Misikhu. Hakumuuliza maswali mengi. Alimnunulia chai, akampigia Mama simu. Nilipofika nyumbani Lugulu, mdogo wangu aliniambia neno ambalo sijasahau: "Nilikuambia, ukanitumia pesa."

Leo ako sawa, sifa kwa Mungu, na ameniruhusu niandike haya.

Si kiburi, na si pepo kila wakati

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya kila saba, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Kwaya ya vijana ikisimama mbele Jumapili, hebu wahesabu saba saba. Hii si maneno ya Nairobi peke yake.

Angalia mdogo wako. Amebadilika kulala na kula? Ameacha marafiki, mpira au kwaya aliyoipenda? Alama zimeshuka ghafla? Anakasirika kwa kitu kidogo? Anagawa vitu vyake, au anasema mngekaa vizuri bila yeye? Dalili hizi zikikaa wiki mbili, usiseme ni ujana tu. Na hayo maneno ya mwisho hayangojei wiki mbili, hayangojei hata kesho.

Naamini maombezi, na naamini pepo hutoka kwa jina la Yesu. Lakini tusome vizuri 1 Wafalme 19. Eliya alichoka hata akaomba afe. Malaika aliyetumwa hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi mara ya pili. Mbona sisi tunaanza na kelele mahali ambapo Mungu alianza na chakula na usingizi?

Jifunze kwa dada yake Musa

Musa alipowekwa kwenye kisafina kando ya mto, dada yake alifanya mambo matatu.

1. Alisimama kwa mbali akimwangalia. Hakuwa na uwezo wa kubadilisha amri ya Farao, lakini hakuondoka. Wakubwa wengi hapa ndio mnalipa karo, na Mungu awabariki. Lakini karo isigeuke fimbo. Ukisema, "Nauza mahindi yangu ili usome, halafu unaniletea D?" kijana hataongea nawe tena. Tafuta kazi mfanye pamoja: kukata majani ya ng'ombe, kutembea hadi sokoni. Vijana huongea vizuri mikono ikiwa na kazi.

2. Alitaka kujua litakalompata. Uliza, kisha unyamaze. "Nimeona siku hizi huna raha. Ni nini kinakulemea?" Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Ukiogopa kwamba anawaza kujitoa uhai, muulize wazi. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa mlango wa kutokea. Katika biashara, deni lililoandikwa kitabuni linaweza kupangiwa malipo. Lililofichwa ndilo hufunga duka.

3. Aliita msaada. Alimwendea binti Farao, akaenda kumleta mama. Hakujaribu kumlea Musa peke yake. Tunza siri za mdogo wako, lakini usikubali kuapa kuficha jambo la uhai wake. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, fungia mbali dawa za shamba na kila kitu cha hatari, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Anza na Lugulu Mission, Webuye au Bungoma. Ikihitajika, hospitali ya Moi kule Eldoret ina idara ya afya ya akili. Simu 116 ni ya watoto na 1199 ni ya Msalaba Mwekundu. Zote ni za bure.

Msiogope polisi pia. Zamani Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia nyingi zilificha wagonjwa wao. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu huyo anahitaji matibabu, si seli.

Tusingoje miaka 20

Miaka zaidi ya 20 ilipita. Ndugu zake Yusufu wakiwa taabani kule Misri, walikumbuka nini? Kwamba aliwalilia akiwa na uchungu, nao hawakumsikiliza (Mwanzo 42:21). Mungu aligeuza ubaya ule kuwa wema, lakini kilio kile hakikutoka masikioni mwao.

Mpendwa, kama mdogo wako amekuambia amechoka, amekulilia. Mpigie leo, kabla hujaweka gazeti hili chini.

Maswali ya kundi la nyumbani

1. Ni neno gani tunalowaambia vijana wetu ambalo huwafunga midomo?
2. Kijana wa nyumba yako akilemewa usiku wa leo, angemwendea nani?
3. Kama kundi, tutasaidiaje familia isiyo na nauli ya kwenda hospitali?

Tuombe: Bwana, tusamehe tulioahidi kurudi baadaye. Tupe masikio ya kusikia, na miguu ya kwenda leo. Gusa kila kijana aliyelemewa, na utufanye sisi tuwe mikono yako kwake. Katika jina la Yesu. Amina.