MOSHI WA JIKONI NA WA SIGARA: TUCHUNGE AMANA YA MAPAFU

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mwili ni amana, na kila mmoja ataulizwa aliichungaje. Ijumaa ya leo tuangalie mapafu.

Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Humo ndimo hewa safi inapoingia katika damu. Njia za kufika huko zina vinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyofagia uchafu na kohozi kuelekea juu. Moshi unavilemaza. Uchafu unabaki, kohozi linajaa, kikohozi kinakuwa cha kila asubuhi. Miaka ikipita, kuta za vifuko zinachakaa na kupasuka, na zikiisha kuharibika hazirudi tena. Mtu anapanda kilima kidogo tu, pumzi inamwishia.

Kwamba tumbako inafanya hivyo, wengi tunajua. Lakini moshi wa kuni na makala unapita njia ile ile. Ndiyo maana mama ambaye hajagusa sigara hata siku moja anaweza kuugua ugonjwa wa mvutaji. Na mtoto aliye mgongoni mwake anavuta moshi huo huo, hali mapafu yake bado machanga. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Basi tusikimbilie kusema mama huyo amerogwa. Tuulize kwanza: jiko lake lina dirisha?

Wewe baba, fanya haya:
1. Mbabula iwashiwe nje. Mvua ikizuia, jiko liwe na matundu juu ya ukuta.
2. Kuni zikaushwe vizuri. Kuni mbichi zina moshi mwingi.
3. Mtoto asikae karibu na moto.
4. Msilale na mbabula katika chumba kilichofungwa. Sumu ya makala haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini.
5. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kwenye kituo cha afya. Huenda ni kifua kikuu.

Nawe mvutaji, katika Ramadhani unakaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi, siku baada ya siku. Nguvu ya kuacha unayo. Iendeleze na usiku. Ukiacha, mapafu hayaharibiki tena kwa kasi ile, na jamaa zako hawavuti moshi wako.

Ukiisha kusoma karatasi hii, wasomee na walio nyumbani.

Allah atuhifadhi sisi na jamaa zetu. Amin.