Pumzi Siyo Ngao: Mafundisho ya Wachina juu ya Nguvu ya Ndani



Mpendwa msomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unajibu swali ambalo wazazi wa Tunduma na vijana wao hutuuliza mara kwa mara. Vijana wanafanya mazoezi ya kungfu, nao wanasema kwamba mwanafunzi akizoea kuvuta pumzi kwa namna fulani hupata nguvu ya ndani iitwayo chi. Wengine husema nguvu hiyo huponya magonjwa, na wengine kwamba humfanya mtu asiumie akipigwa. Wazazi nao huuliza: je, huu si uchawi? Tusikimbilie kulaani wala kushangilia. Kwanza tufahamu jambo lenyewe.

Wachina siyo wageni kwetu. Mwaka 1970 walianza kujenga pamoja nasi Reli ya TAZARA, ambayo toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ina urefu wa kilometa 1,860. Inapita Vwawa na kuvuka mpaka hapa Tunduma, nayo ilikabidhiwa kwa nchi zetu mbili mwezi Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo, na baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Baadaye zikaja sinema za kungfu, na kwa sinema hizo vijana wengi walisikia habari za nguvu ya ndani kwa mara ya kwanza.

CHI NI NINI?

Neno chi kwa Kichina lina maana ya hewa, pumzi au mvuke. Katika maandishi yao ya zamani alama ya neno hilo ina ndani yake alama ya mchele, kama mvuke unaopanda juu ya chungu cha wali. Wahenga wa China walifundisha kwamba chi ndiyo inayokipa kila kitu uhai. Katika mwili wa mtu, walisema, hupita katika njia kuu 12. Ikipita vizuri mtu ana afya, ikizibwa mtu anaugua. Tiba yao ya sindano imejengwa juu ya mafundisho hayo.

Walimu wa mapigano nao wakayachukua. Mwandishi mmoja, Huang Zongxi, mwaka 1669 aliandika juu ya aina mbili za mapigano: ya nje, yanayotegemea misuli na mbio, na ya ndani, ambayo kwa utulivu hushinda mwendo. Mchezo wa ndani unaojulikana zaidi ni taichi, uliokuzwa katika kijiji cha ukoo wa Chen, jimbo la Henan, katika karne ya 17. Mwanafunzi hufundishwa kusimama wima bila kukaza mabega, kupumua polepole kwa tumbo, na kuweka mawazo yake chini ya kitovu kwa kipimo cha vidole vitatu au vinne. Mahali hapo wanapaita dantieni, yaani shamba la dawa. Wanasema hapo ndipo chi huwekwa akiba.

SAYANSI YASEMAJE?

Mpaka leo hakuna kipimo kilichoonyesha chi ikipita mwilini, na madaktari wanaopasua maiti hawajaziona njia zile 12. Lakini tusiseme kwamba mwanafunzi anadanganya anaposema anasikia joto mikononi au moyo kutulia. Anasikia kweli, na sababu zake zipo mwilini.

Kati ya kifua na tumbo upo msuli mpana uitwao kiwambo. Mtu akipumua kwa tumbo, kiwambo hushuka na mapafu hujaa vizuri mpaka chini. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akipunguza mpaka mara sita hivi, mishipa ya fahamu inayotuliza moyo hufanya kazi zaidi: mapigo hupungua, mishipa ya damu hulegea, damu hufika vizuri mikononi, na mikono hupata joto.

Anayepumua kwa haraka na kwa nguvu yeye hutoa hewa ya ukaa kupita kiasi. Vidole na midomo hufa ganzi na kuchomachoma, na kichwa huzunguka. Wapo wanaodhani chi imewaingia, kumbe ni dalili ya kuacha.

Na ile ngumi ya ajabu? Bruce Lee aliwashangaza watu huko Marekani mwaka 1964 kwa kumwangusha mtu kwa ngumi iliyotoka umbali mdogo sana. Siri yake twaweza kuiona kwenye kinu. Mama anayetwanga mahindi hatumii mikono peke yake. Nguvu huanza kwenye nyayo, hupanda magotini, hupita kiunoni, ndipo hufika mikononi, na mchi unaposhuka yeye hutoa pumzi. Binti asiyezoea hukaza mabega, na baada ya muda mfupi amechoka. Wabeba magunia hapa mpakani wanajua hayo pia. Mwili wote kufanya kazi pamoja, bila kukaza pasipohitajika: hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kile ambacho walimu wa China huita nguvu ya ndani. Nayo hupatikana kwa miaka ya mazoezi.

FAIDA ZAKE

Faida iliyothibitishwa vizuri ni kwa wazee. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kutolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba taichi hupunguza idadi ya wazee wanaoanguka kwa karibu mmoja kati ya watano. Si jambo dogo. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi hatembei tena kama zamani. Mwaka 2012 utafiti mwingine ulionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, walisimama imara zaidi baada ya kufanya taichi. Pumzi ya polepole nayo husaidia wenye wasiwasi na wasiopata usingizi, na huweza kushusha presha kidogo. Nasema kidogo: haichukui nafasi ya vidonge.

HATARI KUBWA: KUDHANI PUMZI NI NGAO

Hapa naomba vijana wasome kwa makini.

Mwaka 1900 huko China walikuwapo wapiganaji waitwao Yihetuan, ambao watu wa Ulaya waliwaita Mabondia. Waliamini kwamba kwa mazoezi na maneno ya siri miili yao haitapenya risasi. Walikufa kwa maelfu mbele ya majeshi ya mataifa manane. Miaka mitano tu baadaye, kusini na mashariki mwa nchi yetu, babu zetu walipokea maji ya Kinjekitile Ngwale wakiamini risasi zitageuka maji. Ujasiri wa wale wote tunauheshimu, nao walikuwa na sababu ya kukasirikia kuonewa. Lakini risasi haikugeuka maji, wala haikugeuzwa na pumzi.

Siku hizi kijana hajipimi kwa risasi. Hukaza tumbo, huzuia pumzi, na kuwaambia wenzake wampige. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea wodini kijana wa namna hiyo. Alikuwa amepona malaria juma moja tu kabla. Alipigwa teke moja upande wa kushoto, akacheka, akaenda nyumbani. Usiku akaanza kuishiwa nguvu, ngozi ikawa ya baridi, na bega la kushoto likauma ingawa halikuguswa. Bandama ilikuwa imepasuka. Aliokolewa kwa upasuaji na damu ya ndugu zake, lakini bandama iliondolewa.

Bandama ipo chini ya mbavu za kushoto. Kazi yake ni kuchuja damu na kupambana na vijidudu. Malaria huivimbisha mpaka ikatokeza nje ya mbavu, ikiwa laini na nyepesi kupasuka. Vijana wengi huja Tunduma kutoka Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, ambako malaria ni nyingi. Kukaza misuli ya tumbo hakuilindi bandama iliyovimba. Na asiye na bandama huwa katika hatari ya maambukizo makali maisha yake yote. Homa yoyote kwake ni ya kukimbizwa hospitali, na huhitaji chanjo maalumu.

Kwa hiyo:

1. Aliyeugua malaria asipigane wala kupigwa tumboni mpaka apimwe na kuruhusiwa na mganga.

2. Mtu akipigwa tumboni, kisha akapata maumivu ya tumbo la juu kushoto au bega la kushoto, akapauka, akatoa jasho la baridi au kusikia kizunguzungu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama zimepita siku mbili tatu. Asipewe chakula wala aspirini.

3. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, ngiri, au mama mjamzito asizuie pumzi na kujikamua. Presha hupanda ghafla.

4. Watoto wasipige matofali wala kuti kwa ngumi. Mifupa yao bado inakua.

5. Aliyewahi kuugua akili asifanye mazoezi marefu ya kuzamisha mawazo bila ushauri wa daktari. Wachina wenyewe huonya kwamba zoezi likizidi, mtu huweza kuchanganyikiwa.

6. Asiwepo anayeacha dawa za presha, kisukari, kifafa, pumu, kifua kikuu au VVU kwa kuambiwa kwamba nguvu ya ndani inatosha. Anayekuambia hivyo, hata kama ni hodari wa kuruka, siyo mganga wako.

Bruce Lee mwenyewe, ambaye wachache walimshinda kwa mazoezi, alifariki Julai 1973 akiwa na miaka 32, ubongo wake ukiwa umevimba. Mwili hodari bado ni mwili.

JE, MKRISTO AWEZA KUFANYA MAZOEZI HAYA?

Tarehe 15 Oktoba 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani huko Roma, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16, ilitoa barua kwa maaskofu juu ya tafakari ya Kikristo. Barua hiyo inasema tusizidharau njia za watu wengine kwa sababu tu si za Kikristo. Twaweza kuchukua lililo jema, mradi tusipoteze maana ya sala yetu. Lakini inaonya pia: yapo mazoezi ya mwili yanayoleta utulivu na joto, na ni kosa kubwa kudhani kwamba hisia hizo ndizo faraja za Roho Mtakatifu.

Basi kunyoosha viungo na kupumua vizuri si dhambi. Kitabu cha Mwanzo chatuambia pumzi ya uhai ilitoka kwa Mungu (Mwa 2:7). Lakini mwalimu akidai viapo vya siri, hirizi, chale, au ibada kwa mizimu, ondoka. Na akidai fedha ili akuuzie nguvu isiyoonekana, ondoka mapema zaidi.

ZOEZI LA NYUMBANI

Zoezi hili lafaa kwa walio wengi, hata wazee:

1. Keti kwenye kiti, mgongo wima, mabega yamelegea. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya kitovu.

2. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne. Mkono wa chini uinuke, wa juu utulie.

3. Bila kuzuia pumzi, itoe polepole ukihesabu moja hadi sita.

4. Endelea dakika tano, asubuhi na jioni. Ukisikia kizunguzungu, acha na pumua kama kawaida.

5. Kisha simama nyuma ya kiti, shika egemeo lake, miguu ikiwa na nafasi sawa na mabega, magoti yamekunjwa kidogo. Hamisha uzito polepole kwenda mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mara kumi. Mzee asifanye peke yake siku za kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, vijana wanafanya mazoezi wapi, na nani anawaangalia wakiumia?

2. Je, yupo jirani aliyeacha dawa kwa sababu ya ahadi ya nguvu fulani? Tumsaidieje arudi kliniki bila kumwaibisha?

3. Wazee wangapi wa Jumuiya yetu wameanguka mwaka huu? Twaweza kufanya nao zoezi hili baada ya sala?

Wazazi, msiwafukuze vijana wenu kwenye mazoezi. Afadhali waruke uwanjani kuliko kukaa kilabuni. Nendeni mkaone wanachofundishwa, na kijana akitoka kuugua malaria, mwambieni mwalimu wake kwa mdomo wenu wenyewe.